Kwa Wino, Aliye Mweupe Ndani

Mtu akikutunukia kitabu chake, adabu inataka ushukuru. Mimi nilipousoma ukurasa wa tabaruku Jumatatu asubuhi, kalamu nyekundu mkononi na chai bado inafuka, nilitamka neno ambalo siwezi kulirudia hapa, na Mhariri akatoa kichwa ofisini kwake kuuliza kama nimeungua.

Sikuwa nimeungua. Nilikuwa nimesoma mstari huu:

*Kwa Wino, mpwa wangu, aliye mweupe ndani.*

Wino ni mimi. Nina jina lingine kwenye vyeti, zuri tu, la bibi yangu mzaa mama, lakini halitumiki. Mwaka tulioanza kuandika kwa kalamu za wino shuleni, nikiwa na miaka tisa, mwalimu aliuliza, "Nani ana wino?" na darasa zima likanionyesha kidole mimi, mweusi kuliko wote. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akakaa. Jina likaganda. Nikakua nalo, na kwa kuwa sina tabia ya kumwachia mtu mzaha wake aufaidi peke yake, nikalichukua nikaja nalo kazini. Leo nina miaka hamsini na nne. Ni msahihishaji katika nyumba ndogo ya uchapishaji, vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, harufu ya gundi yake inapanda ngazi kila asubuhi kabla yetu. Kazi yangu ni kusoma vitabu kabla havijaenda mtamboni na kuwaonyesha watu wenye shahada mahali walipokosea.

Sasa, yeyote aliyewahi kukaa kijiweni, darasani au hata kwenye foleni ya benki anajua mtu akiitwa mweupe siku hizi maana yake nini. Mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kufungua daftari ni mweupe. Mgombea aliyeulizwa swali moja akaanza kukohoa ni mweupe. Ni mtu mtupu, ukimgonga kichwani unasikia mwangwi. Na hapa palikuwa na kitabu cha mashairi, kinachokwenda mashuleni, kinachoanza kwa kuwatangazia watoto kwamba aliyekisahihisha hana kitu kichwani.

Mhariri aliusoma mstari ule akiwa amesimama nyuma yangu. Ni mtu mpole, mwenye tumbo na wasiwasi. Alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani.

"Tuuondoe," alisema alipopata pumzi.

"Huwezi. Umesaini."

Alikumbuka, uso ukamshuka. Katika mkataba wake Mjomba, aliyeyafasiri mashairi hayo, aliandikisha kwamba hakuna neno, nukta wala mkato utakaoguswa bila yeye kukubali kwa kinywa chake. Hakuwa anatania. Mchapishaji wa kwanza alimhamishia mkato mmoja, naye akaenda kuuchukua mswada wake akaketi nao nyumbani miaka kumi na moja. Wakati ule alikuwa na miaka ya kuchezea. Sasa ana themanini na miwili.

"Basi nenda wewe ukamwambie," Mhariri alisema. "Wewe ni damu yake. Mtambo unaanza Jumamosi asubuhi. Ijumaa mchana nisipokuwa na ukurasa huo, kitabu kinangoja mwakani."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie lugha imehama."

Lugha imehama, sawa. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya shauri, tena ile nusu nyepesi. Nusu ya pili nilikuwa nimeifungia kifuani miaka arobaini na mitano, nayo ni kwamba maneno yale, *mweupe ndani*, Mjomba hakuyabuni kwa ajili ya tabaruku. Yalitoka kwenye shairi lililo ukurasa wa sitini na nne wa kitabu hicho hicho, na shairi hilo nalichukia kuliko kitu chochote kilichowahi kuandikwa, zikiwemo barua za kuniachisha kazi.

Shairi lenyewe linaitwa "Kandili Mbili". Aliyelitunga alikufa miaka mia mbili iliyopita katika nchi ya baridi. Alikuwa mmoja wa wale washairi ambao wataalamu huwaita wa ulimbwende. Si ulimbwende wa poda na manukato. Ni ule wa kutembea mlimani peke yako, kuzungumza na mawingu, kulia ukiona ua, kisha kurudi nyumbani ukute mtu mwingine ameshapika. Katika shairi hilo mtoto mweusi anamwambia mtoto mzungu kwamba binadamu wote ni kandili, na roho ni mwali ulio ndani. Kandili ya mzungu ina kioo kisafi. Ya mweusi kioo chake kimejaa masizi. Siku ya mwisho Mungu atashika kitambaa, atayafuta masizi, halafu atazitundika kandili zote mbili kwenye msumari mmoja, na hakuna atakayejua ipi ilikuwa ya nani. Mjomba aliutia moyo wa shairi zima katika mistari miwili ninayoijua kuliko namba yangu ya simu:

*Kwa nje mimi ni masizi, ndani mimi ni mweupe;*
*Atayafuta Mwenyezi, nuru yangu na niwape.*

Alinisomea siku ile ile niliyopewa jina. Nilirudi nyumbani kutoka shuleni nimevimba macho. Mjomba, mdogo wake mama, wakati huo mwalimu kijana, mrefu, maji ya kunde, mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa akiishi kwetu. Akaniketisha kwenye kizingiti akanisomea shairi alilomaliza kulifasiri juma lile. Aliposoma sauti yake ilitetemeka. "Umesikia?" akaniuliza. "Ya nje si kitu. Ndani wewe ni mweupe." Akanipa leso yake nifute machozi, akaenda zake ameridhika, na hakika alidhani ameniponya.

Mimi nilikuwa mtoto msikivu, na zaidi ya hayo nilikuwa fundi. Nyumbani kwetu kazi yangu ya kila alasiri ilikuwa kufuta vioo vya kandili. Masizi niliyajua. Unaanza kwa majivu na kitambaa kibichi, na pale palipoganda unatia mchanga. Nikachukua vifaa vyangu nikajifungia bafuni. Nilianza na mkono wa kushoto kwa sababu natumia wa kulia. Sikuona haja ya kumsubiri Mwenyezi wakati mchanga ninao.

Mama alivunja komeo. Alinifunga mkono kwa kanga, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na jioni akawaambia watu wote kwamba nimeanguka kwenye mawe. Mjomba aliniletea pipi. Kovu lipo hadi leo, chini ya kiwiko, upana wa kiganja cha mtoto. Katika mwili wangu mzima ni hilo tu lililofanikiwa kuwa jeupe.

Sikumwambia kamwe. Angesikiaje? Alikuwa amenipa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Jumanne alasiri nikaenda, mswada kwapani.

Sebule ya Mjomba ina meza moja, viti vinne na kamusi tano, moja haina jalada na imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kabati la vitabu lina kufuli. Mkewe ndiye mwenye ufunguo, na huo pamoja na wa geti, wa stoo na wa jokofu huutundika shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa sababu Mjomba alizoea kuwaazima watu vitabu na watu walizoea kutovirudisha. Ukoo mzima unamwita Mama Funguo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani, Wino?"

"Ndiye. Macho vipi leo?"

"Meupe," akasema. "Kila kitu cheupe. Sijui nipo mawinguni au ndani ya sufuria ya maziwa."

Ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, na anasubiri zamu yake ya upasuaji. Daktari amemwambia huenda jicho moja likarudi na huenda lisirudi. Kwa hiyo nilikuwa nikimsomea kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na kila kituo nilikitaja. Ukiruka mkato anajua. Alikaa amefumba macho, kidole kinapiga mizani kwenye mkono wa kiti, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima mwingine yeyote. Miaka arobaini na ushei ya kazi ilikuwa ikipita mbele yake kwa mara ya mwisho kabla ya kuwa kitabu. Nilitamani ukurasa wa sitini na nne uchanike wenyewe.

Haukuchanika. Nikaisoma ile mistari miwili, nikanyamaza.

"Kuna nini? Mkato?"

"Neno, Mjomba. Mweupe."

"Neno safi kabisa hilo. Moyo mweupe. Nia nyeupe. Fungua kamusi yoyote, hata ile ya mpira."

"Kamusi zako zimenizidi umri. Siku hizi mweupe ni mtu asiyejua kitu."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wote," akajibu Mama Funguo, akiingia na sinia la chai. "Yule fundi bomba wa juzi, si nilikwambia ni mweupe? Kafungua koki ya jikoni, maji yakatokea chooni."

Mjomba aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Nilidhani unasema rangi yake."

"Rangi ya nini? Yule mtu mweusi ti!"

"Ndiyo maana nikashangaa."

Mama Funguo alicheka mpaka funguo zikalia. Mimi nikamsomea Mjomba tabaruku yake, polepole, kwa masikio ya leo. Alisikiliza. Nikaona shingo inasimama.

"Kwa hiyo nimemwita mpwa wangu mjinga mbele ya nchi nzima," alisema.

"Mjinga wa ndani," Mama Funguo akasema. "Kwa nje hujamgusa."

Tukajaribu kutafuta njia. Shida ni kwamba Mjomba havunji vina, na vina vya *-pe* ni vya kuokoteza. Alivihesabu kwa vidole: kope, tope, kupe. Ndani mimi ni tope? Ndani mimi ni kupe? Mama Funguo alisema ukiweka kupe angalau watoto wataamka. Mjomba hakucheka. Akasema hata kama vina vingekuwa vya kumwaga, asingebadilisha, kwa sababu mshairi alisema mweupe, na mfasiri hana ruhusa ya kumwosha mtu uso.

Hapo ningeweza kumaliza. Ningesema, basi shairi tuliache, tubadilishe tabaruku tu, ningekunywa chai yangu nikaondoka, na kila mtu angelala vizuri. Nilishafungua kinywa kusema hivyo. Lakini Mjomba akaongeza, kwa upole, "Na wewe mwenyewe ulilipenda sana shairi hili. Nakumbuka lilivyokutuliza."

"Halikunituliza."

Nilisikia sauti yangu imetoka kubwa. Nikakunja mkono wa gauni, nikashika vidole vyake vikavu, nikaviweka juu ya kovu.

"Hili uliambiwa ni mawe," nikasema. "Ni shairi."

Nikamweleza. Majivu, kitambaa, mchanga, komeo. Mama Funguo aliweka sinia chini bila kutoa sauti. Vidole vya Mjomba vilizunguka kwenye kovu kana kwamba vinasoma, kisha vikasimama.

"Wino," akasema, "ile ni ishara tu. Taa ni ishara. Masizi ni ishara."

"Mkono haukuwa ishara, Mjomba. Ulikuwa mkono."

Aliinamisha kichwa, lakini bado ni mwalimu, na mwalimu hafi mara moja. "Ufikirie zama zake," akasema. "Wenzake walikuwa wanauza watu sokoni, wanasema mtu mweusi hana roho kabisa. Huyu bwana akasimama akasema anayo, tena sawa na yangu, mbele ya Mungu tutatundikwa msumari mmoja. Halikuwa jambo dogo. Walimtukana kwa hilo."

"Si jambo dogo, namshukuru. Ila roho nilikuwa nayo kabla hajaniruhusu. Na kama tuko sawa, mbona anayefutwa ni mmoja?"

Ningenyamaza. Sikunyamaza, nilikuwa nimeshateremka na breki hakuna.

"Halafu hajui taa, huyo mtu wako. Nimefuta vioo vya kandili miaka sita, najua. Masizi hayaji na vumbi la nje. Yanatoka kwenye moto wenyewe. Kioo chenye masizi ni cha taa iliyowaka. Kioo kisafi kabisa ni cha taa ambayo haijawashwa hata siku moja. Mtoto yeyote anayefanya kazi za nyumbani angemwambia. Lakini hakufuta taa maishani mwake, alikuwa na mtu wa kumfutia, na rangi ya mtu huyo unaweza kukisia mwenyewe."

Mjomba aliondoa vidole vyake mkononi mwangu akaviweka mapajani.

"Nenda nyumbani, Wino," akasema.

"Na mswada?"

"Uchukue. Mimi siuoni hata hivyo."

Mama Funguo alinisindikiza hadi getini. "Umemwambia yote?" akauliza. Nikamwambia yote. "Haya," akasema, akafunga geti nyuma yangu, na nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Niliona aibu. Hasira ile nilikuwa nimeibeba muda mrefu nikidhani siku nikiitua nitatembea mwepesi, na badala yake nilitembea kama mtu aliyempiga mzee. Nilimkumbuka kwenye kiti, kidole kinapiga mizani. Kama angeuchukua mswada tena, safari hii hakuwa na miaka kumi na moja. Pengine hakuwa na hata macho ya kuuona ukirudi. Kitabu kilikuwa kitu pekee alichotaka duniani, na mimi nilikuwa nimekwenda kukitia sumu kikiwa mlangoni.

Jumatano kimya. Alhamisi Mhariri akaanza kutembea huku na huku, sakafu ya mbao inalia, fundi viatu anagonga dari kutoka chini kwa mpini wa nyundo. Nikapiga simu. Akapokea Mama Funguo.

"Anaandika," akasema.

"Anaandikaje? Haoni!"

"Nami nilimwambia hivyo hivyo." Akakata.

Mhariri alisema mtu akiandika baada ya kuambiwa maneno yale, anaandika kwa mwanasheria. Alikaa akashika kichwa. Mimi nikafungua ukurasa wa sitini na nne nikautazama, nikafunga, nikafungua tena.

Ijumaa saa tano nikasikia funguo zinapanda ngazi. Mama Funguo aliingia anahema, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba.

"Barua yako," akasema. "Kaanza Jumatano asubuhi, kaimaliza jana. Nikamwambia nikuandikie, akakataa, eti ni maneno yake na mpwa wake."

Nikafungua. Karatasi sita. Nikaipindua ya kwanza, nikaipindua ya pili, nikazipindua zote. Hapakuwa na herufi hata moja.

"Nyeupe," nikasema.

"Subiri. Jana jioni kanipa nimkagulie mwandiko. 'Unasomeka?' kaniuliza. Nikatazama. Nikamwambia, mzee, karatasi nyeupe pe. Akasema, 'Hata wewe umeshapata mtoto wa jicho?' Nikamwambia jicho langu zima, hapa hamna kitu, umeandika siku mbili hewani. Kalamu haina wino."

Alifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

"Akafunika uso kwa viganja. Nikadhani analia. Halafu akasema, 'Rudia.' Nikarudia: kalamu haina wino, karatasi imebaki nyeupe. Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikaogopa, nikataka kuita jirani. Akasema, 'Niletee kalamu nzima, ukae hapa unishike mkono.'"

Nilizipeleka zile karatasi sita dirishani nikazilaza kwenye mwanga. Kalamu kavu ilikuwa imeacha mifereji. Mistari ilipandana na mingine iliteleza nje ya karatasi, na mimi, ambaye nimelipwa miaka ishirini na tisa kusoma visivyosomeka, sikuweza kupata zaidi ya maneno machache. *Mwanangu*, mara mbili. *Sikujua*, mara nyingi. Na mahali pamoja alikuwa amekandamiza hadi karatasi ikatoboka, na neno lililotoboka lilikuwa *mchanga*.

Karatasi ya saba, ambayo Mama Funguo aliitoa mkobani baadaye, ilikuwa na wino. Herufi kubwa, zimelewa, lakini zinasomeka. Juu aliandika: *Tanbihi, iwekwe chini ya ukurasa wa 64, herufi ndogo, mkato usiguswe.* Kisha:

*Mshairi alisema mweupe, nami nimefasiri mweupe. Kosa ni lake, mimi nimelifikisha salama. Hata hivyo mpwa wangu, aliyefuta vioo vya kandili miaka sita, ananiarifu kwamba masizi hutoka kwenye mwali wenyewe, na kwamba kioo kisicho na masizi ni cha taa isiyowahi kuwashwa. Mshairi hakulijua hilo kwa kuwa hakuwahi kusafisha taa. Mimi sikulijua kwa kuwa sikumuuliza aliyekuwa akisafisha za kwetu.*

Mhariri aliisoma juu ya bega langu, midomo inatembea.

"Tanbihi ya kumgombeza mshairi?" akasema. "Kwenye kitabu cha shule?"

"Umesaini," nikamwambia.

Chini ya tanbihi palikuwa na mstari mmoja zaidi, wa tabaruku. Aliagiza ule wa zamani ufutwe, akaandika huu:

*Kwa Wino, ambaye bila yeye kurasa hizi zingebaki nyeupe.*

Nililia, tena vibaya, kwa kwikwi, mbele ya Mhariri na mke wa mjomba wangu, mpaka fundi viatu akaacha kugonga. Mhariri alinipa leso yake. Nilipomaliza nikakaa, nikachukua kalamu nyekundu, nikausoma mstari ule mara tatu nikitafuta kosa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kisha nikaandika pembeni *Imesomwa*, nikampa Mhariri aushushe mtamboni kabla hajabadili mawazo.

Mama Funguo alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Nimwambie nini mzee?" akauliza.

"Mwambie mkato uko mahali pake," nikasema.